Dakika Kumi na Mbili za Shemeji

Anayeingia kwa dobi mikono mitupu huwa wa namna mbili: kaja kuchukua nguo zake, au kaja kugomba. Mwanamke aliyesukuma mlango asubuhi ile hakuwa na furushi wala risiti, na midomo yake ilikuwa imebanwa kama pochi. Kasuku alimtazama mara moja tu, akajiambia huyu ni wa kugomba, akaanza kupekua kichwani: blauzi gani imepauka wiki hii? Suruali gani imeungua?

"Nani hapa anaitwa Kasuku?" mgeni aliuliza.

Wifi yake, mwenye duka, aliyekuwa akibana namba kwenye mashati ya wahudumu wa hoteli, hakungoja Kasuku afungue kinywa. "Huyo hapo mwenye pasi. Kama kakuunguzia nguo, mimi simo. Nilimwambia marehemu kaka yangu tangu siku ya posa: mwanamke huyu mikono iko hapa, akili iko India."

"Wifi, nawe!"

"Nimesema uongo?"

Mgeni hakucheka. Kasuku, ambaye kwa kazi yake huwasoma watu kwa nguo zao, aliona vumbi la chaki kwenye mkono wa kulia wa sweta lake, chaki nyeupe tupu. Mwalimu, basi, na si wa jiografia. Wale hupenda chaki za rangi. Huyu wa hesabu.

"Wiki ya tatu hii nakutafuta," mwalimu alisema. "Nimeambiwa mara mbili kwamba ulishakufa."

"Mara mbili!" wifi akadakia. "Na zote mbili sisi hatukupewa habari!"

"Ni wewe uliyekuwa ukitafsiri filamu za Kihindi kwenye banda la video, nyuma ya soko la zamani?"

Pasi ilisimama juu ya kola, ikabaki hapohapo.

"Ile ya mchoma matofali," mwalimu aliendelea. "Unaikumbuka?"

Kuikumbuka! Kasuku alitaka kucheka, lakini harufu ya kitambaa kinachoungua ilimwahi, na wifi akaruka kama aliyekanyaga msumari. "Kola! Kola ya watu hiyo!"

Banda hilo inafaa tulieleze, maana bila banda habari hii haina miguu. Lilikuwa la mume wa Kasuku: mabati juu, mabenchi kumi na sita chini, televisheni moja iliyotundikwa karibu na dari ili wa nyuma nao wapate haki yao, na deki ya kanda kwenye rafu. Kando, juu ya kiti cha plastiki, alikaa yeye na kipaza sauti. Filamu zilikuja kwa Kihindi, na watazamaji Kihindi hawakukijua. Kazi yake ilikuwa kuwafanya wote walioonekana kwenye kioo waseme Kiswahili: bibi kizee, askari, mtoto, jambazi, wote kwa koo moja. Ndipo akapachikwa jina la Kasuku, na jina likamganda hata mama yake mzazi akalitumia.

Ila kasuku hurudia alichosikia. Yeye Kihindi chake, tuseme ukweli, kilikuwa maneno mia mbili hivi, mengi yakiwa ya mapenzi na ya matusi, aliyoyaokota kwa mke wa mwenye duka la vitambaa alikokuwa akishona pindo kabla hajaolewa. Yaliyobaki aliyasoma kwenye nyuso za watu. Na kulikuwa na uso mmoja uliosomeka kuliko zote.

Mwenye uso huo alikuwa na jina lake refu la kwao, limeandikwa kwa herufi za dhahabu kwenye makasha ya kanda, lakini bandani hakuna aliyelitumia. Wanawake wa mabenchi ya mbele waligombania kuwa wake zake mpaka wanaume wakachoka, mmoja akapaza sauti: "Basi mwoleweni nyote, sisi atakuwa shemeji yetu!" Tangu siku hiyo akawa Shemeji. Filamu mpya ikifika, mtu hakuuliza jina lake, aliuliza tu, "Shemeji yumo?"

Hakuwa mzuri wa sura. Masikio yake yalikuwa makubwa na kimo cha kawaida. Waigizaji wenzake walipiga watu ishirini peke yao bila kuchafua shati. Shemeji akipigwa kofi moja alianguka kama mtu aliyepigwa kofi. Kipaji chake kilikuwa kungoja. Wengine walijibu papo hapo, kama waliokuwa na maneno mdomoni tangu nyumbani. Yeye akiambiwa neno zito alimeza kwanza, akatazama pembeni, mkono ukatafuta kazi ndogo ya kufanya, kusogeza kikombe, kufunga kifungo ambacho kilikwisha kufungwa, halafu ndipo akasema. Wakati mwingine hakusema. Hapo Kasuku alikuwa akishusha kipaza sauti mapajani. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Aliona tu kwamba mtu akiwa karibu kulia si vizuri kumsemea. Na banda zima, watu mia kasoro, lilinyamaza pamoja na Shemeji.

Sasa, ile ya mchoma matofali. Shemeji ni mwanamume aliyeacha mke na nyumba inayovuja, akaenda mbali kuchoma matofali ili arudi na bati. Mwaka wa kwanza hakupata kitu, akaona aibu kurudi bure. Mwaka wa pili aibu ikawa mbili. Na aibu, kama jipu, ukiiacha haipoi bali hukua. Kuna mahali humo anaposomewa barua ya mkewe na karani wa posta, maana hajui kusoma. Karani anaisoma huku akila njugu, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za stempu, na Shemeji anasikiliza akiwa amesimama wima kama askari kwenye gwaride. Haoneshi kitu usoni. Masikio yake tu ndiyo yanabadilika. Ukimuuliza Kasuku masikio yanabadilikaje, atakwambia: katazame.

Mwishoni Shemeji anapiga moyo konde. Anakwenda stesheni na mkoba wake. Treni inaingia. Anainua mguu.

Na kanda ikaisha. Aliyeinakili alikuwa na kanda ya saa tatu, filamu ilikuwa ya saa tatu na dakika kumi na mbili. Kioo kikajaa chenga, vidoti vyeupe na kelele tupu.

Siku hiyo ya kwanza watu walisimama juu ya mabenchi. "Mwisho! Tupeni mwisho!" Mume wa Kasuku alikimbilia deki, akaigonga kofi kama mtoto mtundu, chenga zikazidi. Benchi la nyuma lilikuwa limeshainuliwa juu lisijulikane linatupwa wapi, ndipo Kasuku, asijue hata yeye anafanya nini, akainua kipaza sauti. "Akapanda," alisema.

Benchi likabaki hewani.

"Akapanda, akakaa dirishani. Safari ya siku mbili hakulala. Akashuka, akatembea, akafika mlangoni kwake..." Benchi likashushwa. Watu wakakaa, mmoja mmoja, na wote wakainua macho wakatazama chenga, na ndani ya chenga wakamwona Shemeji akibisha hodi, na mkewe akifungua, akimtazama toka unyayo hadi utosi, akimwambia: "Umechelewa. Ingia."

Walilia hadi waliokuja kutafuta ugomvi. Walioirudia filamu walikuwa wengi kuliko walioiona mara moja, na kila ilipofika kwenye chenga hakuna aliyenyanyuka. Walipomuuliza amejuaje, Kasuku alisema aliuona mwisho wote katika banda lingine, mji mwingine. Uongo mdogo tu. Baada ya miaka michache, hata yeye hakuwa na hakika tena kama ni uongo.

Hayo yote yalimpitia kichwani wakati akimfuata mwalimu uani, katikati ya mashuka yaliyoanikwa.

"Baba yangu alikuwa humo bandani," mwalimu alisema. "Ni mwashi. Alikuwa amemwacha mama miaka sita, yuko huku anajenga nyumba za watu, haandiki, harudi. Akaingia kwenye banda lako kukwepa mvua. Wiki iliyofuata alikuwa kwake."

"Mungu wangu."

"Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata."

Kasuku alishika kamba ya nguo. Alitaka kusema jambo, lakini miguu yake ilikuwa imeanza ile tabia yake, kisigino kikipiga chini kama kinapiga cherehani.

"Mama alifariki mwaka jana. Baba naye presha ya macho imemmaliza, haoni kabisa. Amebaki na neno moja: nitafutie filamu ile, nitafutie na yule mama wa sauti. Filamu nimeipata, mwalimu mwenzangu kanipa kwenye flashi. Nimeitazama yote." Akavuta pumzi. "Mama, mwisho wako haumo."

"Haumo vipi?"

"Hapandi. Treni inaondoka, yeye amebaki."

Upepo ulipeperusha shuka, likamfunika Kasuku uso, hakulitoa haraka.

"Sikulaumu," mwalimu alisema, kwa sauti ya mtu anayelaumu. "Nataka uje umsimulie kama zamani. Neno kwa neno. Haoni, hatajua. Mzee wangu aliishi na mke wake miaka thelathini na moja kwa sababu ya maneno yako. Sasa mke hayupo, macho hayapo, nimwongezee na hilo?"

"Nitakuja," Kasuku alisema. Mwalimu akachukua neno hilo kuwa jibu la yote.

Walipanga alasiri nne, maana mzee hakuweza kukaa kitako saa tatu mfululizo. Wifi alinung'unika kuhusu mashati ya hoteli, kisha akasema, "Nenda, nenda, kabla hujaniunguzia duka." Na kweli Kasuku alikuwa hakaliki. Akipiga pasi aliongea na ubao. Akikunja shuka alijikuta amesahau upande upi ni upi. Alikunywa maji kila baada ya dakika kumi, akajaribu sauti ya karani wa posta, akajaribu ya mke, na mteja mmoja aliyekuja kuchukua koti aliulizwa kwa sauti nzito ya kiume, "Na wewe umetoka wapi?" akarudi nyuma hatua mbili.

Alasiri ya kwanza alikuta chumba kidogo kisafi, kitanda kimetandikwa kwa kuvutwa sana, kompyuta iko juu ya stuli, na mzee kwenye kiti cha mikono. Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko yeye, vidole vimekakamaa kwa saruji ya miaka. Alipomsikia Kasuku akisema hodi, aligeuza kichwa upande.

"Sema tena."

"Hodi, kaka."

"Ni yeye," alimwambia binti yake. "Sauti imezeeka, lakini ni yeye. Karibu, dada. Shemeji hajambo?"

"Hajambo. Masikio yaleyale."

Mzee alicheka hadi akakohoa, na mwalimu, aliyekuwa mlangoni na rundo la daftari za kusahihisha, alimtazama baba yake kama mtu aliyesikia mlango uliofungwa miaka mingi ukifunguka.

Sauti ya Kasuku ilianza na kutu. Dakika kumi za mwanzo alichelewa, akamkosesha polisi maneno, akampa bibi kizee sauti ya mtoto. Halafu Shemeji akaingia, na mkoba wake begani, akasimama chini ya paa linalovuja akatazama juu. Tone likamwangukia shavuni. Hakulifuta. Kasuku alikuwa amelisahau tone hilo kwa miaka kumi na minane, tangu banda lilipofungwa. Sasa aliliona upya, akaona na jambo ambalo ile televisheni ya darini haikuwahi kumwonesha: kwamba Shemeji analisikiliza tone. Analipima, kama fundi. Alimweleza mzee hivyohivyo.

"Ee," mzee alisema. "Ndivyo mtu anavyosikiliza paa lake."

Hivyo zikaenda alasiri mbili. Mzee hakutaka maneno peke yake. Aliuliza: mkono umeshika wapi? Anatazama chini au pembeni? Kasuku, aliyezoea kuwasemea wanaoonekana, alijifunza kuonesha wasioonekana. Barua iliposomwa aliinamia kioo mpaka pua ikakaribia kukigusa, atafute yale masikio. "Yamerudi nyuma kidogo," alisema. "Kama ya mbwa anayeitwa na mtu asiyemwona."

Kasuku alipoondoka siku ya pili kurudi kazini, mwalimu alimsindikiza hadi barabarani, na kwa mara ya kwanza midomo ilikuwa imelegea. "Amekula vizuri leo. Kaniuliza kama kuna nyingine za Shemeji. Nimepata kumi na moja. Tukimaliza hii, mama, ungekuwa unakuja? Alasiri kama hivi?"

Kumi na moja! Kasuku alitembea njia nzima akizihesabu, ile ya mapacha, ile ya daktari mlevi, ile ambayo Shemeji ni baba wa bibi harusi na ana maneno matano tu filamu nzima. Miaka yote hiyo alikuwa amepiga pasi mashati ya watu akidhani sauti yake ilikwisha kuzikwa pamoja na mumewe. Alipofika dukani alikuwa anatweta.

"Umekimbizwa na nani?" wifi aliuliza.

"Sijui," alisema, na hilo lilikuwa kweli.

Alasiri ya tatu mwalimu aliitwa shuleni kwenye kikao. Waliposimamisha filamu, mzee hakumuaga kama kawaida.

"Dada, kaa. Kesho ndio mwisho."

"Kesho."

"Bandani mwisho ulikuwa chenga."

Kisigino cha Kasuku kikaanza.

"Mimi si mtoto. Niliziona chenga kwa macho yangu, nilipokuwa bado ninayo. Nilijua unatunga. Nilisema, potelea mbali, anatunga vizuri, nikafunga mizigo." Alisugua magoti kwa viganja. "Nilimsimulia mke wangu. Alicheka sana. Kila tukigombana alinirushia hilo: kumbe mimi nimerudishiwa mume na Mhindi wa sinema! Alicheka, lakini lilimkaa. Siku zake za mwisho aliniuliza, 'Hivi yule bwana alirudi kweli? Au ulirudi peke yako?' Nikamwambia sijui. Hilo ndilo neno la mwisho la maana aliloniuliza, na nilimjibu sijui."

"Kaka..."

"Binti yangu anajua mwisho. Nikimuuliza anasema flashi ina hitilafu. Mwalimu wa hesabu yule, uongo haujui, sauti inampanda." Alinyoosha mkono hewani, upande wa sauti, na Kasuku akaushika. "Wewe uongo unaujua. Kwa hiyo nakuomba wewe. Kesho sema utakachokiona. Usiongeze. Usipunguze. Niahidi."

Kasuku alikuwa na njia nyingi za kutoka. Angeweza kusema, tutaona. Angeweza kusema, Mungu akipenda. Badala yake alisikia sauti yake ikisema, "Nakuahidi, kaka."

Siku iliyofuata aliunguza mashati mawili kabla ya saa sita. Wifi alimnyang'anya pasi.

"Nini? Sema."

Kasuku alimwambia. Wifi alisikiliza huku akikwangua unga wa wanga kwenye kucha. "Njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Yako imekwenda miaka thelathini na mbili. Hata mimi nimeshangaa."

"Nifanye nini?"

"Mimi dobi. Doa nikiliona nasema liko hapa. Kama linatoka au halitoki, hayo mengine."

Mwalimu alikuwa akimngojea getini, mikono imekunjwa kifuani. Hakumkaribisha kwanza.

"Kuna jambo alikuomba jana. Nimemsikia leo anavyokaa, kama anangoja matokeo ya mtihani."

"Ameniomba nimwambie ninachokiona."

"Na ukasemaje?"

"Nilikubali."

Mwalimu alitikisa kichwa polepole. Macho yake yalikuwa na maji, na hilo lilimkasirisha zaidi. "Unajua ni nini kuzaliwa kwa sababu ya filamu, kisha ukaiona filamu yenyewe? Mimi nimeitazama mara tatu. Mara tatu natamani apande. Sasa unataka baba yangu akae gizani anafikiri kwamba Shemeji aliyemwiga hakurudi? Kwamba alidanganywa akaja kwetu?"

"Mwanangu, ningeuona huo mwisho kwanza mara moja tu, labda..."

"Huhitaji kuuona. Wako unao." Akafungua geti. "Kumi na moja ziko mezani, nimezipanga. Lakini ukimwambia vingine leo, mama, nakuomba kwa heshima zote, usirudi tena hapa."

Mzee alikuwa amevaa shati jipya, limekunjwa vibaya mikononi. Kasuku alilitazama kwa jicho la kazi, akaliacha. Akakaa. Mwalimu akakaa naye, upande wa pili wa kiti cha baba yake, akawasha kompyuta.

Zile dakika thelathini za mwanzo zilipita kama maji kwenye bomba. Kasuku alimsemea mke, alimsemea msimamizi wa matanuri, alimsemea mzee wa jirani, na kila baada ya muda alitupa jicho chini ya kioo ambako namba za dakika zilizobaki zilikuwa zinapungua. Shemeji alifunga mkoba. Shemeji alikata tiketi. Shemeji alifika stesheni, na treni ikaingia na moshi wake, na akainua mguu. Kasuku alijikaza akingoja chenga.

Hazikuja. Picha ilikuwa safi kabisa. Mguu ukarudi chini.

Maneno ya zamani yalikuwa hapo, kwenye ncha ya ulimi, yanajua njia yenyewe. *Akapanda, akakaa dirishani.* Mwalimu alikuwa anamtazama, na midomo yake ilikuwa inayatamka bila sauti, kwa kuwa baba yake alimsimulia tangu utotoni na aliyajua kwa moyo. Mezani kulikuwa na karatasi yenye majina kumi na moja.

"Treni imesimama," Kasuku alisema. "Mlango uko wazi mbele yake. Watu wanapanda. Mama mmoja anamsukuma kidogo apite, anaomba radhi."

"Na yeye?"

"Anatazama ngazi za treni."

Filimbi ikapigwa, mzee aliisikia, akashika mikono ya kiti.

"Hajapanda," alisema Kasuku.

"Mama," mwalimu alisema, kwa sauti ndogo sana.

"Magurudumu yameanza. Mlango unampita. Mlango mwingine nao. Anaweza kuruka, bado ni polepole. Hajaruka." Alinyamaza kwa kuwa Shemeji hakufanya lolote, na aliahidi kutoongeza. Kelele za treni zilijaza chumba, zikapungua, zikaisha. "Imeondoka. Yeye yupo."

Mwalimu alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. Alinyoosha mkono kuifunga kompyuta.

"Acha, mwanangu," baba yake alisema.

Mkono ukabaki hewani. Halafu mwalimu akaenda mlangoni, akaufungua wazi hadi ukagonga ukuta, akasimama kando yake, kama mtu anavyosimama kumwonesha mgeni njia ya kutokea. Mwanga wa nje ukaangukia kioo, Kasuku akalazimika kukiinamia ili aone. Alijua mlango ule unasema nini. Hakuinuka.

"Anafanya nini sasa?" mzee aliuliza. Machozi yalikuwa yanamshuka, na haikujulikana ni ya namna gani.

"Amekaa kwenye benchi. Ametugeuzia mgongo. Simwoni uso, naona mabega."

"Yanatikisika?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Watu mia kasoro wangelia. "Hapana. Yametulia. Sasa ameinama. Anavua kiatu kimoja."

"Kiatu?"

"Kiatu. Anakikung'uta. Mchanga umetoka, mwingi. Anautazama ulivyomwagika." Kasuku alimeza. "Sasa anakivaa. Anafunga kamba. Anaifunga polepole, kama aliyefundishwa leo."

Mzee alivuta pumzi ndefu. "Kwa hiyo hakurudi."

Mwalimu alikuwa angali mlangoni. Kasuku alitazama chini ya kioo. Zilikuwa zimebaki dakika sita, na stesheni ilikuwa tupu, na Shemeji, mgongo wake mpana ukijaza picha yote, alikuwa anangoja kama alivyojua kungoja yeye peke yake.

"Haijaisha, kaka," alisema. "Mpaka hapa amekaa. Bado amekaa. Sasa amegeuza kichwa kidogo, upande wa kushoto." Akasogeza kiti karibu zaidi na kompyuta, akaendelea.